FAHAMU JINSI CHANZO CHA BARUA PEPE TAKA KINAVYOFUATILIWA KUPITIA KUMBUKUMBU ZA SEVA

Mkazi wa Korogwe anapopokea barua pepe yenye jina la ofisi anayoifahamu, ikimtaka alipe ada ya leseni ya biashara kupitia namba ya simu ya mtu binafsi, jambo la kwanza linalomjia akilini ni kumtafuta mwenye jina lililoandikwa juu ya barua hiyo. Hatua hiyo inaeleweka, lakini mara nyingi humfikia mtu asiyehusika. Katika mfumo wa barua pepe, jina la mtumaji huandikwa na mtumaji mwenyewe, naye anaweza kuandika jina lolote apendalo.

Kinachoweza kueleza barua ilikotoka ni kumbukumbu za seva, yaani maandishi ambayo kompyuta inayopokea na kusambaza barua huyaweka yenyewe kila barua inapopita. Kumbukumbu hizo zikisomwa kwa uangalifu hubainisha chanzo na humwondolea lawama asiyehusika. Zikisomwa kwa haraka, au zikifutika kabla ya kusomwa, mhalifu hubaki salama na mtumishi au mwananchi asiye na hatia huweza kubeba tuhuma.

Makala haya yanaeleza namna ufuatiliaji huo unavyofanyika, kwa kuwalenga wananchi na watumishi wa Handeni na Korogwe mkoani Tanga. Eneo hilo lina halmashauri nne, ambazo ni Halmashauri ya Wilaya ya Handeni, Halmashauri ya Mji Handeni, Halmashauri ya Wilaya ya Korogwe na Halmashauri ya Mji Korogwe, pamoja na shule, hospitali, vyama vya akiba na mikopo na wafanyabiashara wanaotumia barua pepe katika shughuli za kila siku. Mifano iliyotolewa ni ya kufundishia tu, wala haihusu tukio lililotokea katika ofisi yoyote.

Barua pepe taka ni nini

Barua pepe taka ni ujumbe ambao mpokeaji hakuuomba, na kwa kawaida hutumwa kwa watu wengi kwa wakati mmoja. Baadhi ya barua hizo ni matangazo ya biashara. Nyingine ni hatari zaidi, zikiwemo zinazotangaza ajira zisizokuwepo, zinazodai malipo bandia, zinazomtaka mpokeaji aingize nywila yake katika tovuti ya kughushi, na zinazobeba faili zenye programu hasidi.

Barua ya aina hii inayotajwa sana kuwa ya kwanza ilitumwa tarehe 3 Mei, 1978 na Gary Thuerk, ofisa masoko wa kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani, aliyetangaza kompyuta za kampuni hiyo kwa watu wapatao 400 waliokuwa wakitumia mtandao wa ARPANET. Miaka minne baadaye, mwaka 1982, Jonathan Postel alichapisha kanuni za kusafirisha barua pepe zinazojulikana kama SMTP, ambazo ndizo msingi wa mfumo unaotumika hadi leo.

Kanuni hizo zilitungwa wakati ambapo watumiaji wa mtandao walikuwa wachache na waliaminiana. Kwa sababu hiyo, hazikuweka utaratibu wa kuthibitisha kwamba aliyejitambulisha kuwa ni fulani ndiye kweli. Pengo hilo limezibwa kwa sehemu na teknolojia zilizokuja baadaye, lakini halijaisha, na ndilo linalowawezesha matapeli kutumia majina ya watu wengine.

Jina nyuma ya bahasha na muhuri wa posta

Njia rahisi ya kuelewa jambo hili ni kuifikiria barua ya kawaida ya posta. Mtu aliyeko Handeni anaweza kuandika nyuma ya bahasha kwamba barua imetoka kwa mtu aliyeko Korogwe. Hakuna kinachomzuia. Hata hivyo, hawezi kuuchagua muhuri wa posta. Barua ikitumbukizwa Handeni itagongwa muhuri wa Handeni, na anayetaka kujua ilikoanzia safari atautazama muhuri huo.

Barua pepe nayo ina mihuri yake. Kila seva inayoipokea huongeza mstari unaoanza na neno «Received», ukieleza seva hiyo imeipokea barua kutoka wapi, kwa anwani gani ya IP na saa ngapi. Mistari hiyo hupatikana katika sehemu ya barua ambayo kwa kawaida haionekani, na programu nyingi za barua pepe humruhusu mtumiaji kuifungua kwa kuchagua kuiona barua katika asili yake.

Mistari hiyo husomwa kuanzia chini kwenda juu, kwa kuwa kila seva huweka mstari wake juu ya ile iliyoikuta. Mstari wa chini kabisa ndio wa mwanzo wa safari na ule wa juu ndio wa mwisho.

Tahadhari moja ni ya lazima. Mhalifu anaweza kuandika mistari ya uongo kabla ya kuituma barua, ili ionekane imepita mahali ambapo haikupita. Kwa hiyo msomaji huanza na mstari uliowekwa na seva ya ofisi yake, ambayo ana sababu ya kuiamini, kisha hurudi nyuma hatua kwa hatua. Pale anapokutana na mstari uliowekwa na seva asiyoijua, au usiopatana na ule unaoufuata, anapaswa kuuchukulia kuwa ni madai yanayohitaji kuthibitishwa.

Seva na daftari lake

Watumishi wa umma wanaifahamu masijala. Barua inayoingia au kutoka huandikwa katika daftari pamoja na tarehe, namba, mahali ilipotoka na inapokwenda. Barua yenyewe ikipotea, daftari hubaki kuonesha kwamba ilipita.

Kumbukumbu za seva ya barua pepe hufanya kazi hiyo hiyo. Katika seva nyingi zinazotumia mfumo wa Linux huhifadhiwa katika faili liitwalo mail.log au maillog ndani ya saraka ya /var/log. Programu zinazotumika sana kuendesha seva hizo ni Postfix, iliyoandikwa na Wietse Venema na kutolewa mwaka 1998, na Exim, iliyoanzishwa na Philip Hazel katika Chuo Kikuu cha Cambridge nchini Uingereza mwaka 1995. Ofisi zinazotumia Microsoft Exchange zina kumbukumbu zake za kufuatilia barua.

Kwa kawaida kumbukumbu hizo hazina maandishi ya barua. Zinaonesha nani alijitambulisha kwa seva, kutoka anwani gani, saa ngapi, barua ilikuwa na ukubwa gani, ilipelekwa kwa nani na kama ilipokelewa au ilikataliwa. Hivyo ofisa TEHAMA anaweza kufuatilia chanzo cha barua taka bila kufungua barua za watu wengine.

Mfano wa mistari mitatu

Mistari ifuatayo ni mfano wa kumbukumbu za seva inayotumia Postfix. Majina ya vikoa na anwani za IP zilizotumika zimetengwa kimataifa kwa ajili ya mifano na si za mtu wala ofisi yoyote.

Mar 12 02:14:07 seva postfix/smtpd[21874]: 4F2C81A03B: client=unknown[203.0.113.45], sasl_method=LOGIN, sasl_username=masijala

Mar 12 02:14:08 seva postfix/qmgr[1190]: 4F2C81A03B: from=<masijala@ofisi.example>, size=3127, nrcpt=50

Mar 12 02:14:11 seva postfix/smtp[21880]: 4F2C81A03B: to=<mpokeaji@posta.example>, relay=mx.posta.example[198.51.100.20]:25, status=sent

Jambo la kwanza la kutazama ni namba 4F2C81A03B, inayojirudia katika mistari yote mitatu. Hiyo ni namba ya foleni, ambayo seva huipa kila barua inayoipokea. Katika seva yenye maelfu ya mistari kwa siku, namba hiyo ndiyo uzi unaounganisha habari za barua moja. Ofisa huanza na jambo analolijua, kwa mfano anwani ya mpokeaji aliyelalamika na saa aliyoipata barua, akaitafuta namba ya foleni, kisha akakusanya kila mstari wenye namba hiyo.

Mstari wa kwanza unaeleza kwamba barua iliingia kutoka anwani ya IP 203.0.113.45, na kwamba aliyeituma aliingia kwa akaunti ya masijala. Mstari wa pili unaonesha kwamba barua hiyo moja ilikusudiwa kwenda kwa wapokeaji 50. Mstari wa tatu unaonesha kwamba seva ya mmoja wa wapokeaji hao iliipokea. Barua ambayo haikupokelewa huandikwa «deferred» ikiwa itajaribiwa tena, au «bounced» ikiwa imekataliwa moja kwa moja.

Kwa mistari hii pekee, inathibitika kwamba akaunti ya masijala ilitumika. Haithibitiki kwamba karani wa masijala ndiye aliyeitumia. Tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo kiini cha ufuatiliaji wote.

Vyanzo vinne na alama zake

Barua taka zenye jina la ofisi huweza kutokana na vyanzo kadhaa. Vinne vifuatavyo hukutwa mara nyingi, na kila kimoja huacha alama yake katika kumbukumbu.

Chanzo cha kwanza ni jina kughushiwa. Mhalifu aliye mahali pengine kabisa huandika anwani ya ofisi kama mtumaji, na barua zake hazipiti katika seva ya ofisi hiyo. Alama yake ni kwamba kumbukumbu hazina mstari wowote unaoonesha barua hizo zikitoka. Kinachoonekana ni wimbi la taarifa za barua zilizokataliwa zikirudi kutoka seva za mbali, ambazo sehemu ya mtumaji wake imeachwa tupu na huandikwa from=<>. Katika hali hii ofisi yenyewe ni mwathirika, na kumwadhibu mtumishi ambaye jina lake limetumika ni kumwonea.

Chanzo cha pili ni nywila kuibwa. Barua hupita kweli katika seva ya ofisi na kwa akaunti halisi, kama ilivyo katika mfano uliotangulia. Alama zake ni akaunti moja kutuma barua nyingi kupita kawaida, kuingia kutoka anwani za IP ambazo mwenye akaunti hajawahi kuzitumia, na mara nyingi kuingia kutoka anwani nyingi tofauti katika muda mfupi. Kumbukumbu za siku zilizotangulia huweza pia kuonesha majaribio mengi ya kuingia yaliyoshindwa kabla ya lile lililofanikiwa.

Chanzo cha tatu ni tovuti iliyodukuliwa. Fomu ya maoni isiyolindwa, au programu ya tovuti ambayo haijasasishwa kwa muda mrefu, hutumiwa kusukuma barua kupitia seva hiyo hiyo. Hapa hakuna anwani ya IP ya mtumaji wala jina la akaunti ya barua pepe. Kumbukumbu za Postfix huandika neno «pickup» na namba ya mtumiaji wa ndani ya kompyuta, kwa mfano uid=33, ambayo katika mifumo ya Debian na Ubuntu ni ya programu ya tovuti. Baada ya hapo ufuatiliaji huhamia katika kumbukumbu za tovuti, kutafuta ombi lililofika katika sekunde hizo hizo.

Chanzo cha nne ni kompyuta ya ndani ya ofisi iliyoambukizwa programu hasidi. Alama yake ni anwani ya mtandao wa ndani, kwa mfano inayoanza na 192.168 au 10, kutuma barua mfululizo hata nyakati ambazo ofisi imefungwa. Anwani hiyo hulinganishwa na kumbukumbu za kifaa kinachogawa anwani katika ofisi ili kuifahamu kompyuta husika. Katika hali nyingi mtumiaji wake hajui kwamba kompyuta imetekwa, na kompyuta hiyo inaweza kuwa moja kati ya maelfu duniani zinazoamrishwa na mhalifu mmoja.

Saa inayoweza kumponza asiye na hatia

Kosa ambalo ni rahisi kutokea katika kusoma kumbukumbu nchini ni la kusoma saa. Seva huandika saa kwa mfumo wa saa 24 unaoanza usiku wa manane. Kwa hiyo 02:14:07 ni saa nane na dakika 14 usiku kwa hesabu ya Kiswahili. Mtu akiandika katika taarifa yake kwamba barua ilitumwa «saa 2:14», msomaji ataielewa kuwa ni saa mbili na dakika 14, ama asubuhi ama usiku.

Kosa hilo si dogo. Saa mbili asubuhi karani wa masijala yuko mezani kwake na kompyuta yake imewashwa. Saa nane usiku ofisi imefungwa. Taarifa yenye saa iliyoandikwa vibaya inaweza kumweka mtumishi mahali pa tukio ambapo hakuwepo, au kumwondoa aliyekuwepo.

Jambo la pili ni kanda ya saa. Seva nyingi hupangwa kufuata saa ya kimataifa ya UTC, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Tukio la saa 8:14 usiku wa tarehe 12 Machi kwa saa za Tanzania litaandikwa katika seva hiyo kuwa ni 23:14 ya tarehe 11 Machi, yaani siku iliyotangulia. Muundo wa zamani wa kuandika kumbukumbu za Linux hautaji kanda ya saa wala mwaka, hivyo ni wajibu wa ofisa kuthibitisha seva imepangwa kwa saa gani.

Taarifa nzuri huandika saa kama ilivyo katika seva, ikataja kanda yake, kisha ikaeleza kwa Kiswahili kamili: «02:14:07 saa za Afrika Mashariki, yaani saa nane na dakika 14 usiku wa kuamkia tarehe 12 Machi». Vilevile, saa ya seva inapaswa kulinganishwa na saa sahihi ya mtandao, kwa kuwa saa iliyopotea kwa dakika chache tu inaweza kuelekeza uchunguzi kwa mtu mwingine.

Anwani ya IP inaishia wapi

Baada ya kupata anwani ya IP ya nje, hatua inayofuata ni kufahamu mtandao unaoimiliki. Kwa Afrika, ugawaji wa anwani za IP husajiliwa na AFRINIC, taasisi yenye makao yake nchini Mauritius, na rejista yake ya wazi huonesha ni kampuni au taasisi gani iliyopewa kundi la anwani. Rejista hiyo haioneshi jina la mteja aliyeitumia. Taarifa hiyo iko kwa mtoa huduma wa mawasiliano, na hutolewa kwa kufuata utaratibu wa kisheria.

Aidha, anwani moja ya IP inaweza kutumiwa na wateja wengi wa simu za mkononi kwa wakati mmoja, kwa kuwa watoa huduma huwaunganisha kwenye intaneti kupitia anwani za pamoja. Ili mtoa huduma aweze kumtofautisha mteja mmoja na mwingine, anahitaji saa sahihi hadi sekunde na, inapowezekana, namba ya mlango wa mawasiliano uliotumika. Ofisi inayotaka kumbukumbu zake ziwe na manufaa katika uchunguzi inashauriwa kuipanga seva iandike namba hiyo.

Tovuti zinazodai kuonesha mji ilipo anwani ya IP nazo hazitoshi kuwa ushahidi. Simu iliyoko Handeni inaweza kuonekana iko Dar es Salaam kwa sababu hapo ndipo mtandao wake unapounganishwa na intaneti. Vilevile anwani iliyopatikana inaweza kuwa ya kompyuta ya mwathirika mwingine, ambayo mhalifu anaitumia kama daraja.

Kumbukumbu hufutika

Kumbukumbu za seva hazikai milele. Katika mifumo mingi ya Linux, mpangilio wa awali ni kufunga faili kila wiki na kubakiza mafaili manne, hivyo baada ya takribani mwezi mmoja mistari ya zamani hufutwa. Kwa Microsoft Exchange, mpangilio wa awali wa kumbukumbu za kufuatilia barua ni siku 30. Malalamiko yanayokaa mezani wiki tano yanaweza kukuta ushahidi umekwisha kuondoka.

Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza ya ofisa TEHAMA anapopokea malalamiko ni kunakili kumbukumbu za kipindi husika na kuzihifadhi mahali ambapo hazitabadilishwa, kisha ndipo aanze uchambuzi kwa kutumia nakala. Anapaswa kuandika ni nani aliyezinakili, lini na kutoka seva gani, na kukokotoa alama ya utambulisho wa faili, kwa mfano ya SHA-256, ambayo hubadilika iwapo herufi moja tu itaguswa.

Taasisi za umma zinazotumia Mfumo wa Barua Pepe Serikalini, unaofahamika kwa kifupi kama GMS na kusimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao (e-GA), hazina budi kuwasilisha ombi mapema kwa wasimamizi wa mfumo huo, kwa kuwa ndio wenye kumbukumbu zake.

Sheria inasemaje

Sheria ya Makosa ya Mtandao, Na. 14 ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba, 2015, inakataza mtu kuanzisha au kusambaza ujumbe usioombwa kwa nia ya kutenda kosa chini ya sheria hiyo, na pia kughushi taarifa za utambulisho wa ujumbe wa namna hiyo. Adhabu yake ni faini, kifungo au vyote viwili. Sheria hiyo inaweka pia utaratibu wa vyombo vya uchunguzi kuagiza data zihifadhiwe na kutolewa.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, Na. 13 ya mwaka 2015, inatambua data za kielektroniki kuwa ushahidi. Katika kuupima uzito wa ushahidi huo, mahakama huangalia namna data zilivyotengenezwa, zilivyotunzwa na mtumaji alivyotambuliwa. Hapo ndipo utunzaji mzuri wa kumbukumbu unapoonekana thamani yake.

Kwa upande mwingine, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inawalinda watu ambao taarifa zao zimo katika kumbukumbu hizo. Anwani za barua pepe na nyakati za mawasiliano ya watu si habari za kutangaza hadharani wala kuzisambaza katika makundi ya WhatsApp. Zinapaswa kutumika kwa uchunguzi husika pekee.

Wajibu wa mwananchi

Mwananchi anayepokea barua pepe anayoitilia shaka anashauriwa kuzingatia mambo yafuatayo:

1. Asifungue kiungo wala faili lililoambatishwa, na asijibu barua hiyo.

2. Asilipe fedha kwa namba ya mtu binafsi. Malipo ya Serikali hufanyika kwa kumbukumbu namba ya malipo inayotolewa na mfumo wa malipo ya Serikali. Mwenye shaka afike katika ofisi husika, iwe Handeni, Mkata, Korogwe au Mombo, kuulizia kabla ya kulipa.

3. Asiifute barua. Aihifadhi kama ilivyo, kwa kuwa picha ya skrini haina ile mistari ya safari. Akiombwa kuiwasilisha, aiambatishe kama faili zima badala ya kuisambaza kwa njia ya kawaida, ambayo huondoa mistari hiyo.

4. Aandike saa aliyoipokea, akibainisha kama ni asubuhi, mchana au usiku.

5. Aijulishe ofisi ambayo jina lake limetumika, na iwapo amepoteza fedha au taarifa zake, atoe taarifa katika kituo cha Polisi kilicho karibu. Matukio ya usalama wa mtandao hupokelewa pia na TZ-CERT, timu ya kitaifa iliyo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).

6. Ujumbe wa kitapeli uliokuja kwa simu, kama ule wa «ile hela tuma kwenye namba hii», una njia yake. Hutumwa kwenda namba 15040 ya TCRA.

Kuzuia kabla ya kufuatilia

Ofisi, shule na vyama vya ushirika vyenye kikoa chao vinaweza kupunguza matumizi mabaya ya majina yao kwa kuweka rekodi tatu katika mfumo wa majina ya vikoa. SPF hutangaza ni seva zipi zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina la kikoa hicho. DKIM huweka sahihi ya kidijitali katika kila barua. DMARC huzielekeza seva za wapokeaji zifanye nini na barua isiyopita vipimo hivyo, na humletea mwenye kikoa taarifa za wanaojaribu kulitumia jina lake.

Mbali na hayo, kila akaunti iwe na nywila yake isiyotumika mahali pengine, na uthibitisho wa hatua mbili uwashwe pale unapopatikana. Akaunti ya mtumishi aliyehama au kustaafu ifungwe, tovuti zisasishwe, na seva iwekewe kikomo cha idadi ya barua ambazo akaunti moja inaweza kutuma kwa saa.

Gharama ya kupuuza mambo hayo humwangukia mwananchi. Seva inayotoa barua taka huingizwa katika orodha za kuzuiwa, zikiwemo za Spamhaus, shirika lililoanzishwa mwaka 1998, na seva nyingi duniani hukataa barua kutoka kwa seva zilizoorodheshwa. Tangu hapo majibu ya maombi ya leseni, barua za zabuni na taarifa za wagonjwa wanaopewa rufaa huweza kurudishwa pamoja na takataka, hadi chanzo kipatikane, kizibwe na ofisi iombe kuondolewa katika orodha.

Kwa msingi huo, ofisi inayopokea malalamiko ya barua pepe taka inapaswa kwanza kuhifadhi kumbukumbu, kisha kufuatilia namba ya foleni, kuthibitisha saa na kutofautisha akaunti na mtu, kabla ya jina la mtumishi au mwananchi yeyote kuandikwa katika taarifa kama mtuhumiwa.